Komba asiingie ndani: jibu kwa mwalimu anayetunga kitabu cha picha

SWALI: Nafundisha darasa la awali wilayani Pangani, mkoani Tanga. Nimetunga hadithi ya kitabu cha picha. Mwanaidi anaokota kitoto cha komba kilichoachwa na mama yake kwenye mwembe. Anakipeleka nyumbani, anakinywesha maziwa, wanakuwa marafiki, na mwishowe komba anahamia ndani na kulala naye kitanda kimoja. Inaanza hivi: “Hapo zamani za kale katika kijiji kimoja kizuri palikuwa na msichana mmoja mzuri aliyeitwa Mwanaidi ambaye alikuwa anawapenda sana wanyama wote.” Maneno yote ni kama 1,900. Mchoraji wangu anasema ni marefu mno, na mzazi mmoja kaniambia kitabu kitawafundisha watoto kushika wanyama wa porini. Nifupishe vipi? Na je, wazo la urafiki niliache kabisa?

JIBU: Mwalimu, urafiki usiuache, ndio unaokibeba kitabu. Cha kubadilisha ni nani anamsogelea nani, na wanaishia umbali gani. Ukilipata hilo, urefu nao utapungua wenyewe kwa kiasi kikubwa, maana sehemu kubwa ya maneno hayo 1,900 bila shaka inahangaika na komba akiwa ndani ya nyumba: maziwa, kikapu, kitanda.

Tuanze na kile kitoto juu ya mwembe. Hapo ndipo hadithi ilipoteleza, na dawa yake iko hapohapo.

Komba wa pwani yetu, yule mkubwa mwenye mkia wa manyoya tele anayelia usiku kama mtoto mchanga, mara nyingi huzaa mtoto mmoja tu. Wiki za mwanzo mama humbeba mwanawe kwa mdomo. Anapokwenda kutafuta chakula humweka tawini, penye majani yaliyosongamana, akamwacha hapo peke yake. Kitoto hushika tawi, kikatulia tuli, kikangoja. Mama huzunguka akila matunda, wadudu na utomvu wa miti, kisha hurudi kumchukua. Kwa hiyo kitoto alichokikuta Mwanaidi hakikuachwa, kimewekwa. Akikichukua hajaokoa yatima. Amemwibia mama ambaye huenda yuko miti mitatu tu kutoka pale. Na yale maziwa anayokinywesha ni hatari vilevile: kitoto cha mnyama kikilazimishwa kunywa hupaliwa, maziwa yakaingia mapafuni, na asubuhi kimekufa.

Msomaji wako wa miaka mitano hatayajua haya. Atakachobaki nacho ni kwamba Mwanaidi alipanda, akachukua, na mambo yakawa mazuri.

Utauliza: mbona sungura na fisi wa hadithi zetu huongea, hukopeshana, huozeshana mabinti, na hakuna mtoto aliyekwenda porini kumsalimia fisi? Ni kweli, na sababu yake ni muhimu kwako. Ukishasema “Paukwa!” nao wakaitika “Pakawa!”, watoto wanajua wameingia nchi nyingine. Sungura wa huko si yule anayekimbia kwenye majani ya uani. Kitabu chako hakiko nchi ile. Kina mwembe wanaoujua, baraza wanayoikalia, na komba wanayemsikia usiku huo huo wakilala. Kila anachofanya Mwanaidi wanakipokea kama jambo linalofanyika. Basi chagua moja. Ama komba aongee, avae kanzu na aende sokoni, ama awe komba kweli na afanye anayofanya komba. Kuchanganya ndiko kunakoleta madhara, na kwa hadithi uliyoianza ningechagua komba kweli.

Mzazi aliyekuonya yuko sahihi kuliko pengine alivyojua mwenyewe. Kichaa cha mbwa kwa kawaida huletwa na mbwa, lakini mnyama yeyote anyonyeshaye anaweza kukipata na kukiambukiza kwa kuuma, na dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Moja ya alama zake kwa mnyama wa porini ni kupoteza woga: anatoka mchana wakati yeye ni wa usiku, anajikokota chini, anamwendea mtu bila kukimbia. Itazame vizuri picha hiyo. Ni ileile ambayo vitabu vya urafiki na wanyama hupenda kuichora kama kilele: mnyama anashuka mchana kweupe, anamjia mtoto, hana hofu. Katika kitabu chako isiwepo hata kwa bahati mbaya. Komba wako aonekane usiku tu, awe juu ya mti, na kila mara awe na njia ya kuondokea.

Upande wa sheria ni mfupi: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumweka mnyamapori nyumbani bila kibali. Shule haitakiwi kusambaza kitabu kinachosifia jambo hilo.

Sasa chombo chenyewe cha kazi: umbali. Katika kitabu cha namna hii mvutano wote hutoka kwenye nafasi iliyo kati ya mtoto na mnyama. Ipime kwa hatua za mtoto na uiandike pembeni ya kila mchoro wa awali kwa penseli: hatua 20, hatua 10, hatua 4. Kisha weka kanuni moja: mtoto akisogea, umbali unaongezeka, mtoto akitulia, umbali unapungua, na anayeupunguza ni komba. Watoto wataigundua kanuni hii wenyewe kabla ya Mwanaidi. Watakuwa wakimwambia, “Kaa! Usiende!” Ukifika hapo umepata kitabu.

Kabla ya kupanga kurasa, tengeneza kitabu cha mfano. Chukua karatasi 6 za A4, zikunje zote pamoja katikati, zibane kwa pini mbili za stepla kwenye mkunjo, uandike namba kuanzia 1 hadi 24. Kitabu kilichobanwa kwa pini lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4, kwa kuwa kila karatasi iliyokunjwa hutoa kurasa nne. Vitabu vingi vya picha duniani vina kurasa 32. Kwa hadithi yako 24 zinatosha, na gharama inashuka. Ukurasa wa 1 ni jina la kitabu, wa 2 na wa 3 ni taarifa za uchapishaji na za wenye kazi. Hadithi inaanza 4–5 na kuendelea kwa kurasa mbilimbili zinazotazamana hadi 22–23. Hizo ni jozi 10, na ukurasa wa 24 unabaki peke yake. Una picha 11, basi. Maneno 1,900 hayaingii humo, na hayatakiwi kuingia.

Ningeipanga hivi. Kwenye 4–5 ni usiku, kitu kinalia nje, Mwanaidi kaketi kitandani, na komba haonekani popote. Kwenye 6–7 ni asubuhi: embe limeanguka chini ya mti, limetafunwa upande mmoja, na alama za meno zinaonekana. 8–9 ni jioni barazani, tochi imewashwa, macho mawili yako kileleni, hatua 20. 10–11 Mwanaidi anakimbilia mtini, macho hayapo. 12–13 anakiona kitoto kwenye tawi la chini, peke yake, na mkono wake unanyooka. 14–15 sauti ya bibi inamzuia. Wanarudi barazani, na kutoka pale wanamwona mama akija kumbeba mwanawe kwa mdomo. 16–17 gawanya picha nne ndogo, usiku wa kwanza hadi wa nne, Mwanaidi amekaa palepale na kila usiku komba yuko tawi moja chini zaidi. 18–19 anazima tochi. 20–21 mbalamwezi, komba kashuka hadi tawi la chini, hatua 4, wanatazamana. 22–23 mama anamleta mwanawe, anamweka tawini mbele ya macho ya Mwanaidi, anakwenda zake kutafuta chakula. Hapa pasiwe na neno hata moja. Ukurasa wa 24: ndani, Mwanaidi amelala, nje, kitu kinalia.

Ona kitoto peke yake tawini kinavyotokea mara mbili. Mara ya kwanza Mwanaidi, na mtoto anayesomewa, wanadhani kimetupwa. Mara ya pili wote wanajua kimewekwa, na kimewekwa mahali ambapo mama anaona ni salama hata Mwanaidi akiwepo. Huo ndio urafiki wao, na hakuna aliyeguswa. Zawadi ya Mwanaidi kwa komba nayo haiwi maziwa wala ugali. Mnyama wa porini akizoeshwa chakula cha watu huingia jikoni, huuma, na mwisho hupigwa mawe. Zawadi yake ni giza na utulivu: kuzima tochi. Mtoto yeyote anaweza kuitoa usiku huo huo bila kumdhuru mtu wala mnyama.

Zipo sababu mbili za kuweka mkono unaonyooka kwenye 12–13. Katika kitabu cha kurasa 24 kilichobanwa kwa pini, hiyo ndiyo jozi ya katikati, karatasi moja isiyokatika. Jozi nyingine zote zinaunganishwa kutoka karatasi mbili tofauti, na picha inayovuka mkunjo huweza kupishana kwa milimita kadhaa, mkono ukaonekana umevunjika. Hapa mkono unaweza kuvuka mkunjo salama: Mwanaidi kushoto, kitoto kulia karibu na ukingo wa ukurasa wa 13. Pale ukingoni ndipo kidole cha msomaji kinaposhika ili kugeuza. Swali “atamshika?” linabaki hewani mpaka karatasi igeuke. Kwenye jozi nyingine uso wa komba au wa mtoto usikae katikati kamwe, mkunjo utaumeza.

Kuhusu maneno, lenga 200 hadi 250 kwa kitabu kizima. Usifuate viwango vya vitabu vya Kiingereza kwa kuhesabu neno kwa neno, kwani neno letu moja hubeba sentensi nzima. “Alipomkaribia” ni neno moja lenye silabi nane, na mtoto anayejifunza kuunganisha silabi hukwama katikati yake. Hesabu silabi. Katika sentensi ambazo mtoto wa darasa la kwanza atazisoma mwenyewe, neno la silabi zaidi ya tano liwe adimu. “Alipomkaribia” inaweza kuwa “Akaja. Akaja karibu.” Maneno yameongezeka, lakini ugumu umepungua.

Uchukue mwanzo wako. “Hapo zamani za kale” inawapeleka watoto kwenye nchi ya Paukwa, wakati komba wako ni wa leo. Kijiji kizuri na msichana vitaonekana kwenye picha. “Anawapenda sana wanyama wote” ni hukumu unayoitoa kabla ya ushahidi. Kama kitabu kitafaulu, mtoto ataifikia mwenyewe ukurasa wa 18. Kinachobaki ni jina, na jina linaweza kuitwa tu:

“Usiku. Kitu kinalia.
— Bibi, mtoto wa nani huyo?
— Si mtoto wa mtu, Mwanaidi. Komba huyo. Lala.”

Bibi apewe ulimi wake. Bibi wa pwani humtania mjukuu wake wa kike kwa kumwita “mke mwenzangu”, na utani huo una kazi kwenye 14–15, pale anapomzuia bila kumtisha: “Mke mwenzangu, ngoja. Mwenyewe anarudi.” Mkono ulionyooka unashuka, na mtoto hakufokewa. Ungeandika “Usiguse! Ni hatari!”, kitabu kingegeuka bango la zahanati.

Lipo tatizo moja la lugha yetu linalowaponza watunzi wengi wa hadithi za mtoto na mnyama. Mwanaidi ni a-, komba naye ni a-. “Akamtazama, akamsogelea, akatulia.” Nani? Kwenye mazungumzo tunajua kwa sauti na macho, kitabuni hatujui. Njia ni tatu: rudia jina hata kama sikio lako la mtu mzima linachoka, maana watoto hawachoki, au iache picha ijibu, uandike kitendo kimoja tu kwenye jozi ile, au tumia ngeli. “Kitoto cha komba” kinakwenda na ki-, basi “kikatulia, kikashika tawi” haiwezi kuchanganywa na mama anayekuja kwa a-. Usibadilishe njiani ukaanza kukiita “yeye”.

Kwa upande mwingine, -ka- ya masimulizi ni hazina yako. “Akakaa. Akangoja. Akangoja…” kisha karatasi inageuka. Na pale unapotaka sauti, tumia zetu: embe lianguke pu, giza liwe totoro, mtoto atulie tuli. Watoto watazitamka nawe kabla hujamaliza.

Sasa mchoraji. Kosa ambalo karibu kila mtu huanza nalo ni kuchora tumbili mwenye macho makubwa. Komba hana uso bapa wa tumbili. Uso wake umechongoka mbele, na pua ina unyevu kama ya mbwa. Masikio ni makubwa, yamesimama, membamba. Mkia ni mnene na ni mrefu kuliko mwili wake. Vidole vina kucha bapa kama zetu, isipokuwa kidole cha pili cha mguu, chenye ukucha mrefu wa kujikunia. Meno ya mbele ya chini yamelala kuelekea mbele kama kitana, na kwa hayo huchana manyoya na kukwangua utomvu. Embe la ukurasa wa 6 lioneshe mikwaruzo myembamba iliyopangana, isiwe duara safi kama la katuni.

Macho yanahitaji maelezo ya peke yake. Macho ya komba hayazunguki sana ndani ya tundu zake, ndiyo maana hugeuza kichwa kizima, na anaweza kukigeuza mpaka akatazama nyuma yake. Mchoraji akimchorea jicho la kutupia pembeni, lenye weupe unaoonekana kama wa mtu, amemtoa kwenye ukomba. Hisia zitoke kwenye masikio, mgongo na mkia. Tena, macho hayo hung’aa kwa sababu nyuma yake pana utando unaorudisha mwanga ulikotoka. Anayeuona ni yule aliyeshika tochi karibu na uso wake. Kwa hiyo kwenye 8–9 picha ichorwe kutoka nyuma ya bega la Mwanaidi, nasi tuone anachokiona: nukta mbili za rangi ya makaa kileleni. Picha ikichorwa kutoka pembeni, macho yasing’ae. Na kwenye 20–21, baada ya tochi kuzimwa, yawe ya kahawia, makubwa, yenye mboni pana nyeusi. Ndipo kwa mara ya kwanza watoto wanamwona komba mwenyewe, si mwanga wa macho yake tu.

Usiku ndio utakaowatesa zaidi kwenye mashine ya kuchapa. Kitabu chenu karibu chote ni giza, na giza linalopendeza kwenye skrini ya kompyuta hutoka kama tope kwenye karatasi. Skrini inatoa mwanga. Karatasi inanyonya wino. Kwenye karatasi ya kawaida isiyo na mng’ao wino husambaa kidogo, rangi ya bluu iliyokolea inaungana na nyeusi, na komba wa kahawia anapotea kabisa. Dawa ni kuchora usiku wa mbalamwezi badala ya usiku wa giza: bluu ya kijivu isiyozidi nusu ya ukolezo, ukuta wa chokaa unaorudisha mwanga, mchanga mweupe uani. Giza totoro litumike mara moja tu, kwenye 18–19 tochi inapozimwa, ili liwe na nguvu. Kabla ya kulipia nakala zote, mwombe mpiga chapa akutolee jozi ya 8–9 na ya 20–21 kwenye karatasi ileile itakayotumika, uzitazame nje mchana na ndani ya darasa. Komba asipoonekana kutoka hatua nne, rudi kwenye rangi.

Kama mchoraji wako anatumia mtindo wa Tingatinga, ule ulioanzishwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, rangi zake za mafuta zenye kung’aa hurudisha taa kwenye kamera na kuacha madoa meupe. Picha zipigwe kivulini, mwanga ukitoka pembeni, kamera ikiwa imesimama sawasawa na ubao uliochorwa. Picha za karatasi zipitishwe kwenye skana kwa nukta 300 kwa inchi. Za simu zinapinda kingo na kupunguza rangi. Na mchoro uzidi ukingo wa ukurasa kwa milimita 3 kila upande, la sivyo kisu kikikosea kidogo utabaki mstari mweupe.

Maandishi yawe makubwa, kati ya pointi 20 na 24, yenye herufi “a” inayofanana na ile unayowafundisha kuandika. Yakae angalau milimita 12 kutoka ukingoni na kwenye mkunjo. Usiweke maandishi meupe juu ya giza. Wino hujaza uwazi wa herufi nyembamba, na alama ya ng’ hupotea, “ng’ombe” akasomeka vingine. Mwambie mchoraji aache mahali pa mwanga katika kila picha mapema: ukuta, mchanga, khanga iliyoanikwa.

Ukubwa wa A5 unafaa mtoto aliyepakatwa na bibi yake. Kwa darasa haufai, walio nyuma hawataona kitu. Kama shule ndiyo soko lako, nenda A4.

Ya ofisini ni machache. Andikianeni mkataba na mchoraji hata kama ni rafiki: picha ngapi, malipo kwa awamu zipi, marekebisho mangapi, nani anamiliki michoro, na nini kitafuata kitabu kikichapwa tena. Namba ya ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ukitaka kitumike shuleni kama kitabu cha ziada, kipeleke Taasisi ya Elimu Tanzania kwa ithibati, na kipeleke kabla ya kuchapa nakala nyingi, kwani wanaweza kukurudishia na marekebisho.

Ndani ya jalada la nyuma weka sentensi chache kwa mzazi, kwa herufi ndogo, nje ya hadithi: kitoto cha komba kilicho peke yake kisichukuliwe, mama atarudi. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa na mnyama yeyote, mbwa akiwemo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo kuulizia chanjo ya kichaa cha mbwa. Asipakwe majivu, mafuta wala dawa ya kienyeji jerahani.

Kabla mchoraji hajatia rangi, kisome kile kitabu cha mfano chenye michoro ya penseli mbele ya darasa lako. Usiwaulize kama wamekipenda, wataitikia “Ndiyooo, Mwalimu” kwa kitabu chochote. Mpe mwenzako kazi ya kuwatazama wakati unasoma: ni jozi gani wamesogea mbele, ipi wameanza kuchokozana, ipi mtu kanyoosha kidole kabla hujasoma. Siku ya pili funika maandishi kwa vipande vya karatasi ya manila, uwape watoto wawili wawili wakisimulie. Wanapokwama ndipo picha haisemi. Wanapokisimulia bila kukosea, futa maneno ya jozi hiyo, au yapunguze kwa nusu.

Kisha waulize swali moja, mtoto mmoja mmoja, wasisikilizane: “Leo usiku ukimwona komba kwenye mwembe wenu, utafanya nini?” Wanaosema watakaa, watanyamaza, watazima taa, hao kitabu kimewafikia. Wakiwa wengi wanaosema watapanda kumchukua, usiongeze onyo kwenye maneno. Rudi kwenye 12–13. Mara nyingi kosa liko palepale: kitoto kimechorwa kama mwanasesere, kinamtazama Mwanaidi na kutabasamu, na mkono wa Mwanaidi umebakiza kidole kimoja kukifikia. Mwambie mchoraji akigeuze kichwa kitazame upande ambao mama ataingilia, masikio yakielekea huko, na kwenye kona ya juu ya ukurasa wa 13 aonyeshe ncha ya mkia wa mama huyo, akiwa tayari njiani.